Bega la Mbuzi Ambalo Hatukulikata

Mahakama ya kwanza ilisema mimi si mke. Hakimu alieleza kwamba kwa desturi za Wakikuyu ndoa hukamilika siku ya ngurario, bibi na bwana wanapokata bega la mbuzi mbele ya wazee, na sisi hatukulikata. Ni kweli. Kila Desemba mume wangu alisema tungoje mwaka ujao, hadi presha ikamchukua.

Shemeji yangu, aliyekula chapati zangu nyumbani kwetu pale Kimbo mpaka akaota kitambi, aliapa kwamba ananijua kama rafiki tu wa kaka yake. Nilitamani kumrushia kiatu. Alitaka wamzike bila mimi, nisimame nyuma na majirani. Nikakata rufaa, na mwili ukabaki mochari.

Uamuzi wa Mahakama Kuu ya Thika ulisomwa kwa video. Nilikaa ofisini kwa wakili wangu, simu yake ikiegemea chupa ya chai. Kwenye kioo nilimwona shemeji, na kando yake mama mkwe, kitambaa kichwani, haangalii kamera. Jaji alisoma kama mtu anayesoma bili ya stima. Akasema ngurario ni muhimu. Akasema kuhusu desturi, hakimu hakukosea. Nilimgeukia wakili, naye akainua kidole, ningoje.

Hapo mtandao ukakatika. Uso wa jaji uliganda mdomo wazi.

"Usiiguse, utaizima!" nilimfokea wakili wa watu.

Iliporudi, jaji alikuwa akisema kwamba watu walioishi pamoja waziwazi, wakalea watoto, na ukoo ukawaita mume na mke, sheria itawachukulia hivyo. Rufaa ilikubaliwa. Mwili nipewe mimi.

Sikufurahi. Kabla sijasimama, mama mkwe akanipigia.

"Umeshinda, mwari," alisema, akiniita binti kwa Kikuyu. "Sasa ni wewe wa kutuambia. Tunamzika wapi?"

Kimbo tulikuwa wapangaji. Nilikuwa nimepigania mwili wa mume wangu katika mahakama mbili, na sikuwa na hata kipande cha udongo wa kumlaza. Shamba alikozikwa baba yake lilikuwa lao.

"Kando ya baba yake, maitu," nikasema, nami nikimwita mama. "Kama utanikubalia."

Nyuma yake shemeji alikuwa akifoka. Nilimsikia mama mkwe akimwambia anyamaze.

"Kuja kesho asubuhi," akaniambia. "Wachimbaji hawawezi anza kama bibi yake hajawaonyesha mahali."