Waithira Alikufa Ukutani

Saa tatu asubuhi, ukungu wa Julai bado umeifunika Gatitu. Nderitu Kingori amesimama juu ya pipa, anaandika neno NYAMA kwenye ukuta wa bucha mpya. Amemaliza herufi ya pili mwanamke aliyebeba ndizi mgongoni anapopita chini yake.

"Nderitu! Leo unaua nani?" anauliza, na wenzake wanaangua kicheko.

Nderitu hacheki. Anachovya brashi kwenye mkebe na kuendelea. "Wananiita hivyo tangu mwaka jana," anamwambia mwandishi huyu. "Ati muuaji. Nimezoea."

Hajazoea hata kidogo. Herufi ya tatu imekwenda upande, na mwenye bucha ameshaanza kuguna.

Nderitu ana miaka arobaini na minne. Anakula kwa brashi: bucha, hoteli, duka la mbolea, mlango wa kanisa. Mwezi ukiwa mzuri hupata shilingi mia sita, na mwaka huu hajauona mwezi mzuri. Lakini kilichompa jina kutoka Kiganjo mpaka Mukurweini si mabango. Ni katuni.

Mwaka 1980, padri mzee aliyekuwa akirudi kwao Italia alimwachia kamera ndogo ya filamu. Nderitu aliketi dirishani akachora, karatasi juu ya karatasi, kioo kikimpa mwanga wa kufuatiza mistari, kisha akapiga picha kila karatasi peke yake. "Ukitaka mtoto ainue mkono, unachora karatasi kumi," anasema, "na bado mkono haujafika kichwani." Filamu ilitumwa kwa padri huyo Italia kuoshwa, ikarudi baada ya miezi. Ilikuwa ya dakika nane tu: msichana apanda mlimani na kumshinda akili zimwi lenye mdomo wa pili kisogoni. Msichana huyo Nderitu alimwita Waithira.

Hapa msomaji asiye wa huku aelezwe jambo, maana bila hilo hataelewa kitu. Kwa Wagikuyu, binti wa kwanza wa mwanamume hupewa jina la mama wa huyo mwanamume, na huhesabiwa kuwa ni bibi huyo mwenyewe amezaliwa upya. Mama mzazi wa Nderitu anaitwa Waithira. Nderitu ni mtoto wake wa pekee. Yeye na mkewe Murugi hawakujaliwa mtoto, na Murugi alisharudi kwao Mukurweini. Jina la bibi kizee lilikuwa halina pa kwenda.

Basi filamu ilipoonyeshwa katika ukumbi wa kanisa, na jina likatajwa, bibi huyo alisimama kati ya viti akapiga vigelegele vitatu, kama inavyofanywa msichana anapozaliwa. Wanawake wakamwitikia. Watu wazima walilia siku hiyo, wala hawakuona haya.

"Niliona nimezaa," asema Nderitu.

Watoto wa shule wakataka ya pili. Mwalimu Benter Apondi wa Kiganjo, mwenye asili ya Nyanza, ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya kuonyeshea na kucheza kaseti ya sauti. Alimsukuma Nderitu aandike, na miaka mitatu ikaenda katika kuchora. Safari hii zimwi linaziba chemchemi za mlima. Waithira anaingia chini ya ardhi kuzizibua, maji yanatoka, matope yanamfunika. Mito inajaa. Waithira harudi.

"Mimi ndiye nilimwambia mwisho huo ni mzuri," asema Mwalimu Apondi, akiangalia mikono yake. "Kwetu mtoto mara nyingi hupewa jina la mtu aliyekwisha kufariki. Sikujua namzika mtu anayepumua."

Na Nderitu, Mgikuyu halisi, je? "Mimi niliona hadithi," anajibu. "Sikuona mama. Miaka mitatu namchora, na sikumwona mama! Huo ni ujinga gani?"

Ilionyeshwa Novemba iliyopita, mwaka 1984, alasiri, mablanketi yakiwa madirishani. Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Mvua ilikuwa imekataa, mashamba yamekauka, watu wanakula mahindi ya njano ya msaada na kuzika ng'ombe. Walikuja kutafuta kicheko. Matope yalipomfunika Waithira, hakuna aliyepiga makofi. Bibi alijifunga shuka, akainuka, akapita mbele ya mwanga, kivuli chake kikaziba ukuta mzima, akatoka.

Tangu siku hiyo hakumsemesha mwanawe. Wanaishi boma moja, wanachota maji pipa moja. "Alikuwa akinipita kama mti," asema Nderitu.

Tulimkuta bibi akimenya viazi mlangoni. Macho yake yana ukungu, lakini ulimi ni mzima.

"Mimi nilingoja mtoto wa jina yangu mpaka nikachoka," alisema. "Akanipea wa karatasi. Nikasema sawa, mtoto ni mtoto. Halafu anamfunika na matope, watu wote wakiangalia. Na niko hai! Niko na meno hata!"

Pasaka, Mwalimu Apondi alikwenda kwake na sukari, akaomba msamaha kwa niaba ya wote wawili. Nderitu alikuwa amesimama nyuma, ameshika kofia. Akajitolea kuchora mwisho mwingine, Waithira afufuke.

Bibi alikataa katakata. "Huyo mwacheni alale. Mtoto akikufa, yule anafuata ndiye anapewa hiyo jina. Chora mwingine."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mwanawe baada ya miezi mitano.

Lakini padri amefariki huko Italia, na hakuna wa kutumiwa filamu wala wa kuiosha. Kamera imelala kabatini. Na Nderitu hajui watoto wachanga. Amechora na kuchana, amechora na kuchana. Wote wanatoka na sura za wazee.

Jioni ya ziara yetu alimletea mama yake mchoro mmoja wa mtoto mchanga ambao hakuuchana. Bibi aliusogeza hadi karibu uguse pua.

"Filamu haitakuwako, mama," Nderitu alimwambia. "Lakini nitamchora akikua. Kila mwaka karatasi moja, mpaka aolewe."

"Na mimi nitakuwa wapi akiolewa?"

Nderitu aliweka kidole juu ya mchoro.

"Utakuwa yeye."

Bibi aliendelea kuishika karatasi.

"Basi akianza kutembea umchoree viatu," alisema. "Mimi niliolewa miguu mitupu."