Rangi ya Baba Wekesa

Bado inanirudia siku ile, mwanangu, Senge aliponisukumia picha kifuani na kuniuliza, "Huyu ni nani?" Tulikuwa Kitale, kwenye studio iliyoniajiri, ghorofani juu ya duka la mbegu. Senge ni shangazi, dada wa baba. Sisi watu wa Bungoma hatumwiti vingine. Alikuwa ametoka kwake Ndalu asubuhi na mapema, viatu vimejaa vumbi, na swali hilo hakuliuliza kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Ngoja nikueleze tulivyofika hapo, maana nyinyi vijana mnapenda kurukia mwisho.

Mwaka huo, elfu mbili na nane, ulikuwa mwaka wa tohara. Agosti nzima watu walikuwa wanaimba barabarani. Mtoto wa Senge, Wekesa, ilikuwa zamu yake, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mpiga picha wa ukoo, nikaambiwa nije na kamera. Desturi unaijua. Kijana anapelekwa mtoni jua halijachomoza, anapakwa tope mwili mzima, anarudishwa nyumbani na kundi la watu wakiimba, anasimama uani mbele ya mkataji bila kupepesa macho. Baba yake naye yumo uani. Mama yake haonekani. Anakaa ndani, mlango umerudishwa, anasikiliza tu. Basi Senge alikaa ndani, na kila kilichotokea uani siku ile alikisikia kwa masikio.

Nilipiga picha nyingi, ingawa mwanga ulikuwa haba, ule wa alfajiri wenye ubuluu, na ukungu bado umelala kwenye mahindi. Kamera nilikuwa nimeiweka kwenye raw. Raw ni picha mbichi, mwanangu. Kamera haikupikii chochote. Inakupa mwanga wote ilioushika na kukuambia, haya, pika mwenyewe. Kazi ya kupika nilikuwa naifanya kwa programu ya bure ambayo kijana mmoja wa saiba, duka la intaneti, alininakilia kwenye sidii, ile ya watu wanaounda kitu na kukiacha wazi ili mwingine akitumie na hata akitengeneze. Tajiri wangu aliicheka sana. Alikuwa anatumia ya wizi, na kila wiki kompyuta yake inakufa kwa virusi. Mimi yangu ilikuwa inadunda.

Basi. Kabla ya Krismasi, Baba Wekesa, mume wa Senge, akafa. Kifua kilimbana, akalazwa, akarudi, akalazwa tena, tukamzika. Picha zao za zamani zilikuwa zimeliwa na mchwa pamoja na sanduku. Kipande chake, yaani kitambulisho, ambacho kilikuwa na sura yake, kilichukuliwa ofisini wakati wa kuandikisha kifo, kama inavyofanywa. Hivyo mtu mzima mwenye watoto na shamba akawa hana picha hata moja duniani.

Senge akanipigia simu. "Papa," akasema. Aliniita hivyo tangu utotoni kwa sababu nimebeba jina la baba yake. "Papa, nitafutie huyo mzee kwa picha zako za tohara. Nimeanza kumsahau. Asubuhi nikiamka namuona vizuri. Ikifika jioni naona kofia tu."

Mwanangu, maneno hayo yaliniuma. Nilizipekua zile picha zote, na wapi! Baba Wekesa alikuwa mtu wa kukwepa kamera. Hapa bega, pale mgongo. Mwisho nikampata katika picha moja, pembeni kabisa, nyuma ya watu, amezama gizani. Nikashangilia peke yangu kama mwendawazimu.

Nikaanza kupika. Programu ile ilikuwa na mahali pa kuionyesha kitu cha kijivu kwenye picha ili ijue rangi nyingine zikaeje. Nikatazama huku na huku, nikaona tope alilopakwa Wekesa. Si ni la kijivu? Nikabonyeza hapo. Asubuhi yote ikabadilika, ikawa kama saa sita mchana. Nikaona sawasawa. Nikainua giza, nikaongeza mwanga, nikalainisha mashavu, maana wateja wetu wa Kitale walitaka kung'aa, na mkono wangu ulikuwa umezoea. Halafu nikakata. Nikatoa watu, nikatoa ua, nikatoa nyumba, nikaacha uso wa mzee peke yake. Nikauchapa mkubwa, wa kutundika ukutani. Nilijiona fundi, wacha mchezo.

Nikamwita Senge aje aichukue, nikamkabidhi, na ndiyo picha hiyo aliyonisukumia kifuani.

"Ni Baba Wekesa, Senge," nikamwambia. "Si unamuona?"

"Huyu mwekundu?" akasema. "Papa, mimi niliolewa na mtu mweusi. Mweusi kabisa! Siku alipokuja kwetu, mama yangu aliniuliza kama nitamuona usiku bila taa." Akacheka. Akacheka tena, halafu kicheko kikamgeukia, akakaa kwenye kiti cha wateja na kujifunika uso kwa leso. "Nimetoka Ndalu nikijua leo narudi naye nyumbani. Sasa umenipa mgeni."

Nikamletea chai, hakuigusa. Nikamwomba asogeze kiti karibu na kompyuta tuitengeneze pamoja. Nikamuuliza, kama mjinga, Baba Wekesa alikuwa mweusi kiasi gani.

"Sijui," akasema. "Unafikiri nilikuwa nampima? Nilikuwa namwangalia tu. Ningejua nitakuja kuulizwa, ningemwangalia vizuri zaidi."

Hapo ndipo nilipomweleza habari ya picha mbichi. Kwamba haya yote niliyoyavuta na kuyakata hayakuigusa picha yenyewe. Programu iliyaandika pembeni tu, na ile ya alfajiri ilikuwa bado nzima. Akasogeza kiti. "Unasema bado yumo?"

"Yumo, Senge. Hakuna kilichofutika."

"Basi niondolee hayo yako yote."

Nikaondoa. Picha ikarudi gizani, buluu na baridi, na mzee akarudi kuwa kivuli nyuma ya watu. Nikaona sasa nilipokosea. Tope la mto wetu si kijivu, lina ubuluu wake, na alfajiri ule ubuluu unazidi. Mimi niliiambia programu kwamba hicho ni kijivu, nayo ikatii, ikafuta ubuluu kila mahali na kumwachia mzee wekundu usiokuwa wake. Mtu wa mbali asiyejua tope letu hata asingefikiri kubonyeza hapo. Mimi niliyepakwa lile lile ndiye niliyelisingizia.

Nikaiacha rangi ya asubuhi ile ilivyo. Nikaanza kuinua giza pole pole.

"Hapo," akasema Senge.

Nikavuta kidogo tena, mazoea bwana.

"Si nimesema hapo! Una haraka ya kwenda wapi?"

Nikaacha mkono. Nusu ya uso ilikuwa bado kwenye giza, lakini ile nusu nyingine ilikuwa yake, weusi wake na ule mfupa wa shavu. Senge akasema jina lake, si Baba Wekesa, lile jina lake mwenyewe ambalo sikuwahi kumsikia akilitamka. Akainama karibu na skrini, pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo.

"Lakini anaangalia wapi?" akauliza.

Nikatazama. Katika picha nzima, ile ambayo sikuikata, kila mtu alikuwa anamtazama Wekesa. Wajomba, majirani, watoto waliokwea ua, wote macho kwa kijana na kisu. Baba Wekesa peke yake alikuwa amegeuza kichwa upande mwingine. Senge akaweka kidole kwenye kioo, akaufuata mtazamo wake, akavuka watu, akavuka ua, kidole kikasimama kwenye mlango uliorudishwa.

"Huu ni mlango wangu," akasema.

Kidole hakukiondoa. Kisha akaniambia kwamba asubuhi ile alikuwa amekaa sakafuni akiogopa kile kisu, akimlaumu mumewe moyoni kwamba yuko nje na wanaume wenzake na hata hajui kama mkewe bado anapumua. "Nilimnunia siku mbili, papa. Hakuniambia kitu. Amekufa hajaniambia."

Nikaichapa hivyo hivyo, nzima, na giza lake. Aliibeba mpaka Ndalu ameipakata kama mtoto.

Senge mwenyewe sasa hayupo. Mimi nina mvi, na hakuna tena aliyebaki wa kuniita papa. Kuna siku nahisi hamu ya sauti yake, na hakuna programu ya kuinua hiyo.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu, wewe ambaye simu yako inalainisha uso hata kabla hujaiomba. Ukikaa mbele ya picha ya mtu, usianze na kuvuta. Uliza kwanza huyu ni wa nani, na anayempenda akae karibu yako. Giza liinue kiasi cha kuona, si kiasi cha kupendeza. Weusi wa mtu si kosa la kamera. Na usikate picha ya mtu kabla hujajua anamtazama nani.

Mungu akupe mkono mpole na umri mrefu. Akupe pia mtu ambaye, siku wote wanatazama kwingine, yeye atakuwa anatazama mlango wako, na akujalie uone hivyo wakati bado yupo.