Mwandiko wa Mume Wangu

Mume wangu, Tan Yushu, alifanya mtihani wa serikali mara saba, akafeli mara saba. Ya nane hakuifikia, maana mtihani wenyewe ulifutwa. Miaka thelathini ya kukariri ikaishia hapo. Akawa anawaandikia watu barua sokoni hapa Wuchang, na mwanetu Zhiheng akafundishwa naye kuandika hadi usiweze kutofautisha mwandiko upi ni wa nani.

"Serikali hii ya nini, baba?" Zhiheng alikuwa akimwambia. "Wageni waliwapiga kwa mizinga, fidia tunalipishwa sisi. Mafuriko yakija hawaonekani. Na sasa reli tuliyoichangia wenyewe wameichukua!"

"Nyamaza. Wino unakauka kwenye brashi."

Siasa ya mume wangu ilikuwa hiyo tu.

Zhiheng alikuwa askari wa jeshi jipya. Kumbe kule kambini yeye na wenzake walikuwa wamekula kiapo cha kuipindua serikali inayowalisha! Vuli ile bomu likawalipukia wenzao wakilitengeneza ng'ambo ya mto. Polisi wakakamata daftari la wanachama, wote kwa majina ya bandia. Kesho yake alfajiri wenzao watatu wakakatwa vichwa.

Adhuhuri nilimpelekea mume wangu chakula sokoni, nikamkuta ofisa wa polisi amesimama mezani pake na lile daftari.

"Mwalimu Tan, wewe unaijua miandiko ya mji huu. Aliyeandika hapa anawajua wote. Ni nani?"

Mimi sijui kusoma, lakini mwandiko ule niliutambua. Wanaoandika hivyo ni wawili tu, baba na mwana.

"Ni wangu," mume wangu akasema.

Ofisa akacheka. "Mzee wewe, mapinduzi utayawezea wapi? Haya, andika tuone."

Akaandika. Ofisa akalinganisha, akaacha kucheka. Wakamfunga kamba.

Sikulia. Nilikwenda moja kwa moja hadi lango la kambi, nikamweleza Zhiheng. Nilitaka akimbie. Mjinga mimi, nilidhani atakimbia.

"Rudi nyumbani, mama," akaniambia.

Jioni ile kambi zikaasi. Wenzake wanasema Zhiheng hakungoja amri, alikuwa wa kwanza kwenye lango la gavana, akiuliza baba yake amewekwa wapi. Risasi ilimpata hapo hapo. Asubuhi wakaniletea kofia yake. Niliipokea, nikasema asante, nikaenda kuosha mchele.

Wali ulipoiva, mume wangu akaingia. Waasi walikuwa wamefungua jela. Alikuwa anacheka, kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu mtihani ufutwe.

"Mama Zhiheng! Vijana wamenibeba mabegani, mimi huyu! Yuko wapi huyo mwanao mpumbavu, nimzabe kofi moja tu?"

"Kula kwanza," nikasema.

Akala mabakuli mawili huku akisimulia, akaomba la tatu. Nikampakulia.