Risasi Alizonunua Salumu

Kuna siku moja inanijia kila ninapoona pakiti ya risasi, mwanangu, na wala siku hiyo sikuwa porini. Nilikuwa Guangzhou, China, mwishoni mwa miaka ya tisini, katikati ya maboksi ya viatu. Sasa wewe umenijia na kibali chako kipya cha kuwinda, unataka nikwambie ununue risasi gani za mbawala. Nitakwambia. Ila itabidi univumilie, maana jibu langu linaanzia mbali, na siku hizi nikianza kusimulia sina haraka.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, mchuuzi wa viatu, na kichwa kimenivimba. Wakati ule tuliokuwa tukifika kule tulikuwa wachache, basi kila nilipopiga simu kwetu Lindi watu walinisikiliza utadhani nimekuwa waziri. Wakiniuliza habari ya posa, nilijibu. Wakiniuliza habari ya bati za kuezekea, nilijibu. Sikumbuki hata mara moja niliyosema sijui.

Ilikuwa mwezi wa tatu, wakati ambao mji ule hutoka jasho. Kuta za hoteli yetu kule Xiaobei zilikuwa zikitiririka maji kwa ndani, sakafu inateleza, shati ulilolifua juzi bado bichi. Ukungu ulishuka ukameza ghorofa za juu, ukabaki unaona milango tu na miguu ya watu. Nilitembea humo siku nzima nikiwa nusu macho, nusu usingizini, na sauti za wauzaji zilinifikia kwa mbali hata waliposimama karibu yangu.

Jumanne nilimpigia simu mdogo wangu, Salumu. Dada yetu Zuhura alikuwa anaolewa Jumapili, na Salumu alikata kibali cha mbawala ili wageni wapate nyama ya porini, kama marehemu baba alivyofanya kwenye harusi za nyumbani. Bunduki ilikuwa ile ile ya baba. Angeingia msituni Jumamosi.

"Kaka, zile tulizozoea, za pua laini, zimekwisha dukani," akaniambia. "Wana nyingine. Namba ni ile ile ya bunduki ya baba, lakini hizi zimefunikwa shaba mpaka puani. Zinang'aa hizo!"

"Namba si ile ile?"

"Ile ile."

"Sasa unauliza nini? Chukua. Tena hizo ndizo zenye nguvu."

Akacheka. "Haya kaka, wewe ndiye unayejua." Nikakata simu nikiwa nimejiridhisha, nikaenda kula tambi za nyama ya kondoo kwa Waislamu wa pale mtaani.

Kesho yake, Jumatano, nilifuatana na Mzee Kassimu kwenda Zhanxi, mtaa wa viatu ulio jirani na stesheni ya treni. Mzee huyu alikuwa mtu wa Kilwa. Kabla ya biashara alikuwa askari wa wanyamapori kwa miaka mingi sana, na hata katika msukumano ule wa mikokoteni alitembea taratibu, anaangalia anapokanyaga. Kununua kwake kulikuwa kunatuchekesha sisi vijana. Sampuli iliyowekwa mezani hakuigusa. Alikwenda kwenye lundo, akatoa boksi la chini kabisa, akavua kiatu chake mbele za watu, akavaa cha ndani ya boksi, akaanza kuzunguka duka zima. Akienda mpaka mlangoni, akirudi. Mwenye duka akamwambia mbona vyote ni kimoja.

"Laoban," mzee akamjibu kwa upole, maana ndivyo tulivyowaita matajiri wa kule, "mguu ni wangu."

Mimi nikacheka. Kisha, ili nami nionekane mtu, nikamsimulia habari za simu ya jana, na jinsi nilivyommalizia mdogo wangu shida yake kwa neno moja. Mzee akaacha kutembea. Akasimama pale na kiatu kimoja kipya na kimoja kikuukuu.

"Anakwenda kuwinda mnyama gani?"

"Mbawala."

"Amezijaribu kwenye shabaha?"

"Sijui, mzee. Lakini namba ni ile ile."

"Wewe Hemedi, buti la askari na kiatu cha mkeo vikiwa namba arobaini vyote, utamvalisha mkeo buti siku ya harusi?" Hakuwa anatania. "Namba inakwambia risasi itaingia kwenye bunduki, basi. Haikwambii itafanya nini ikishamwingia mnyama. Hiyo ya shaba mpaka puani haifunguki. Kwa nyati ina kazi yake. Kwa mbawala, na udogo wake ule, itapita upande huu itokee huu, imeacha kitundu, naye atakimbia. Tena hiyo bunduki imezoea risasi nyingine. Alikolenga siko itakakokwenda."

Akaketi juu ya boksi, akafumba macho, akaanza kunieleza kichaka. Alisema taratibu mno, mwanangu, mpaka duka likanipotea. Nikaona majani yenye umande, tone la damu kwenye jani moja, halafu hatua kumi bila tone lolote, halafu kimya. Akasema mbawala mzima ni mwoga kuliko wanyama wote, lakini aliyejeruhiwa haendi mbali. Hulala mahali penye giza la miti akakusubiri umkaribie, na pembe zile zimenyooka kama misumari.

Alipofumbua macho akasema, "Nenda ukapige simu. Sasa hivi. Mwambie azirudishe, na kama za pua laini hazipatikani, asiende. Wageni watakula kuku."

"Nitapiga, mzee."

Sikupiga. Nikuambie ukweli, niliona haya. Jana tu nimejifanya bingwa, leo nirudi kumwambia mdogo wangu kwamba nilisema nisilolijua? Nikajiambia Jumamosi bado mbali. Nikarudi hotelini, nikasali adhuhuri, nikajilaza kidogo. Usingizi ukanichukua pale pale kwenye shuka lenye unyevu, nikamwona mbawala anatembea Zhanxi katikati ya mikokoteni, polepole, hakuna anayemshangaa, na kila nilipotaka kumwita Salumu nilikuwa nimesahau jina lake. Niliamka nikaketi. Hata hivyo sikuinua simu. Alhamisi nikashinda kwa wakala wa mizigo, nafunga maboksi, na kila saa nilikuwa na sababu mpya.

Ijumaa, baada ya sala, ndipo nilipopiga. Kwetu ilikuwa asubuhi. Akapokea Zuhura.

"Salumu yuko wapi?"

"Ametoka tangu alfajiri, kaka. Anasema Jumamosi wenye vibali watakuwa wengi, kaona awatangulie. Kuna nini?"

"Hakuna kitu," nikasema. Hata hapo nilisema hakuna kitu! Nikabaki nimeshika simu iliyokatika, mwenye duka la simu ananitazama.

Yaliyotokea nilisimuliwa baadaye, na ndiyo yale yale aliyoyasema mzee akiwa amefumba macho. Salumu alipiga, mbawala akakimbia. Akafuata damu mpaka damu ikaisha. Alipoinama kutazama chini ya kichaka, mnyama akamtokea ubavuni, pembe ikazama pajani ikachana mshipa. Mwenzake aliyefuatana naye alimfunga kwa shuka, akammaliza mbawala, akambeba mgongoni mpaka barabarani. Harusi ilifungwa huku bwana harusi na nduguze wakipishana hospitalini kumtolea damu. Alipona, alhamdulillahi. Mguu haukupona. Yule baba yako mdogo unayemwona anaburuta mguu kwenda msikitini, na wewe umeambiwa alianguka, hakuanguka.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kumwangukia. Alikuwa kitandani, amekonda, ametandikiwa karibu na dirisha. Nikamwambia yote: duka la viatu, maneno ya mzee, haya yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sikusikia lawama kwamba nilimchagulia risasi mbaya. Aliniuliza neno moja tu.

"Kaka, ulijua lini?"

"Jumatano."

"Mimi nilitoka Ijumaa," akasema.

Akageuza uso dirishani. Nje watoto walikuwa wanacheza. Nilisubiri anitukane, maana matusi ningeyaweza. Halafu akanyoosha mkono, akaniomba nimsaidie kuinuka. Nilimwinua, mwanangu, na nilikuwa nalia.

Sasa jibu lako. Kwa mbawala nunua risasi ya pua laini, yenye uzito wa kadiri, ile inayofunguka ndani ya mnyama na kumwangusha asiteseke. Usidanganywe na mng'aro wala picha ya nyati juu ya pakiti. Ukishaipata, usiende nayo porini. Nenda kwanza kwenye shabaha, na bunduki yako mwenyewe, umbali ule ule unaokusudia kupiga, mpaka ujue inapopiga. Ukiridhika nazo, nunua nyingine za aina ile ile, uzito ule ule, ubaki nazo. Ukizikosa dukani, lala nyumbani, msitu hauhami.

Lakini hayo hata muuza duka angekwambia. Langu mimi ni hili: siku utakayomshauri mtu, kisha ukagundua umemshauri vibaya, mwambie saa ile ile. Usingoje hasira ipoe wala aibu ipungue. Baba yako mdogo alisamehe risasi siku hiyo hiyo. Zile siku mbili hajawahi kuzitaja tena, nami sijawahi kuthubutu kumuuliza kama amezisamehe.

Haya, inuka uende. Mola akujaalie jicho linaloona na mkono usiotetemeka, akurudishe kwa mama yako kwa miguu yako miwili, na akupe wepesi wa kusema nimekosea kungali mapema. Amina.