Viazi Sita na Kipimo cha Akili

Kipimo cha kwanza cha akili nilichofanyiwa kiligundua kwamba sijui kuhesabu. Nimekaa na matokeo hayo maisha yangu yote na bado yananiudhi. Nilikuwa darasa la nne, na tangu nilipopata kimo cha kufikia tawi la mbuni, mimi ndiye niliyemhesabia mama madebe yake ya kahawa. Karani wa shamba alikuwa na tabia ya kusahau, na siku zote alisahau kwa upande wa tajiri.

Ilikuwa Ruiru, miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Serikali ilikuwa imetutoa kwenye maboma yetu na kutusonga katika kijiji kimoja kilichozungukwa na mtaro na miti iliyochongwa ncha. Lango lilikuwa moja. Asubuhi mama zetu walitokea hapo kwenda kuchuma kahawa ya wazungu, na jioni walirudi wakihesabiwa. Askari aligusa kila kichwa kwa fimbo: moja, mbili, tatu. Baba alikuwa kizuizini, mahali ambapo hatukuambiwa.

Shule yetu ya udongo ilikomea darasa la nne. Msichana aliyetaka kuendelea ilibidi achaguliwe kwenda shule ya bweni, Thika. Nilitaka kwenda Thika kuliko nilivyotaka kula. Nilisikia huko kuna mfereji wa maji ya bomba ndani ya uwanja, na kila msichana ana kitanda chake peke yake. Wenzangu waliota baba zao wamerudi. Mimi niliota kitanda, na sioni aibu kusema.

Mwaka huo wachaguzi walisema mtihani wa kawaida hautoshi. Wakamleta memsahibu mmoja kutoka Nairobi, na sanduku la vipande vya mbao, picha, na saa ya kubonyeza. Alituita mmoja mmoja. Mwalimu wetu alikaa kando ili amsaidie pale Kiswahili chake kilipokwama, na kilikwama mara nyingi. Mbao nilizipanga. Picha nilizieleza. Kisha memsahibu akainua uso, akatabasamu, akauliza:

"Nyumbani yako iko watu ngapi?"

Nikanyamaza.

Ukimya huo ndio mada yangu, kwa hivyo niueleze. Kwetu watu hawahesabiwi. Mtu hatamki hesabu ya watoto wake, maana kuitamka ni kuwaonyesha kwa kile kinachoweza kuwapunguza. Hata mbuzi, mwenyewe aliwatazama tu wakiingia zizini, akajua kama wametimia. Juu ya mila hiyo kukaja lile lango. Kila mtoto wa kijiji chetu alifundishwa, kabla hajafundishwa sala, kwamba mgeni akikuuliza nyumbani mko wangapi, hujui. Kuna nyumba zilizobomolewa kwa sababu mtoto alijibu, na askari wakajua nani amekwenda msituni.

Memsahibu hakuwa na habari. Kwake hilo lilikuwa swali jepesi la kumtoa mtoto woga.

Lakini mimi nilitaka Thika, nikatafuta njia ya kupita. "Mama akipika," nikasema kwa Kikuyu, "anaweka viazi sita kwa sufuria. Kila mtu anakula kimoja. Hakuna kinachobaki."

Mwalimu akamtafsiria. Memsahibu akanitazama kwa huruma, akaandika kitu, kisha akatoa biskuti mkobani na kunipa. Alidhani nina njaa. Biskuti niliila. Hasira ni hasira, na biskuti ni biskuti.

Siku chache baadaye mwalimu alikuja kwetu. Swali lile lilikuwa limepewa sufuri, na sufuri hiyo ndiyo iliyoniangusha. Alikuwa amemsihi memsahibu arudi anipime tena, naye amekubali.

"Mama," akasema, "mwache kairitu, huyu binti yako, aseme nambari, siku hiyo moja tu. Ni neno moja."

Mama alikuwa akimenya viazi na hakuinua kichwa. "Nambari anayotaka iko kwa lango. Aende aulize askari. Hapa ndani tunapumzika kuhesabiwa."

"Atakosa shule."

"Shule ni yake na mdomo ni wake. Mimi sijamfunga."

Angenikataza ningepata wa kulaumu. Aliniachia, na hilo lilinitesa zaidi. Nililia, nikamkasirikia mama, nikamkasirikia mwalimu, nikakikasirikia hata kile kitanda. Memsahibu aliporudi na kuuliza, nambari ilikuwa pale pale kwenye ulimi. Kisha nikaiona fimbo ya askari ikigusa kitambaa cha mama. Nikasema viazi sita. Nikapata sufuri tena, na safari hii hata biskuti sikuiona.

Nikiwa bado pale, memsahibu alimwambia mwalimu, akiwa ameridhika kabisa na kazi yake, kwamba jibu limekuja lilelile mara mbili, kwa hivyo kipimo chake ni cha kutegemewa. Mwalimu alinieleza tukitoka nje.

Alisema kweli, yule memsahibu. Hilo ndilo sisi wapimaji tunaloliita uthabiti, na kipimo chake kilikuwa nalo. Debe la shamba la kahawa nalo lilikuwa nalo. Lilikuwa limegongwa kwa ndani mpaka kitako kikatokeza, likawa linameza zaidi ya debe, na liliiba kiasi kilekile kila siku. Uhalali ni jambo jingine: je, unapima kile unachosema unapima? Memsahibu alisema anapima kama najua kuhesabu. Alichopima ni kama mtoto wa kijiji chenye mtaro atamwambia Mzungu siri ya nyumba yao. Kipimo hicho nilikipita kwa alama zote.

Nikarudia darasa la nne, nimekaa na watoto wadogo, magoti yakigusa chini ya dawati. Mwaka uliofuata alikuja kijana wa Kizungu na sanduku lilelile, picha zilezile na swali lilelile. Nikampa viazi sita. Akaweka kalamu chini, akamwuliza mwalimu jambo. Mwalimu alizungumza kwa muda mrefu, na huyu akasikiliza. Halafu akacheka kidogo, akaandika alama kamili.

Nikaenda Thika. Mfereji ulikuwepo, na kitanda kilikuwepo. Kijijini watu walimpongeza mama kwamba mtoto wake sasa amefunguka akili. Sikuwa nimefunguka popote. Viazi vilikuwa vilevile. Aliyeshika kalamu ndiye aliyebadilika. Namkumbuka msichana aliyekaa karibu nami kwenye benchi ule mwaka wa kwanza, ambaye alipoulizwa alinyamaza kabisa, bila kiazi wala neno. Yeye hakurudia darasa. Alikwenda kuchuma kahawa na mama yake, na wakubwa wakasema ni kwa sababu hana kichwa. Kwa ajili yake sijalisamehe lile sanduku, na sina mpango wa kulisamehe.

Leo nawafundisha wanafunzi wa chuo kikuu namna ya kupima watu, na nawafundisha sawasawa. Masharti yawe yale yale kwa wote. Matokeo yawe thabiti. Kipimo kiwe halali. Wasahihishaji wawili wakipewa jibu moja wasiachane njia. Lakini siku ya kwanza kabisa nawasimulia habari hii, na nawaambia kwamba asiyetaka kuuliza kwa nini mtu amenyamaza, afadhali akapime magunia.

Kila mwaka huinuka mkono mmoja.

"Kwa hivyo, Madam, nyumbani mlikuwa watu sita?"

"Nimesema viazi vilikuwa sita," namjibu, kisha nageukia ubao.