Maziwa ya Wale Wadogo

Nilipoikuta chupa ya insulini ya mama juu ya ukuta wa choo, imeota jua tangu asubuhi, nilijua jirani amepita. Jirani yetu huyo, hapa mtaani Chechelesi, hakosi habari ya kuharibu siku ya mtu. Safari hii alikuwa amemwambia mama kwamba insulini hutolewa kwa nguruwe.

"Kitu ya nguruwe haiwezi lala kwa nyumba yangu," mama akasema.

Kidole chake cha mguu kilikuwa na kidonda kisichotaka kupona. Daktari alishatuambia waziwazi kwamba bila sindano huenda mguu ukakatwa. Nilikuwa na hofu, na mimi nikiwa na hofu hugomba. Nikamwambia kwa ukali kwamba mambo ya nguruwe ni ya zamani. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, waliopandikizwa maagizo ya mwili wa binadamu ili watoe insulini ileile ya mtu. Nikajiona nimemaliza.

"Unataka kunidunga wadudu?"

"Si wadudu, Ayo," nikasema; ndivyo tunavyomwita mama kwa Kiborana. "Ni ile kitu wanatoa."

"Na hao wadudu kwao ni wapi?"

Hapo ningedanganya. Lakini muuguzi alikuwa amenieleza vizuri mno, na mdomo wangu hauna breki. Nikasema asili yao ni matumboni mwa watu, kule chini kabisa. Nilikuwa nimemfukuza nguruwe mlangoni, nikaingiza choo sebuleni.

Nikaketi mkekani. Mama alikulia nyuma ya ng'ombe, upande wa Sericho, mpaka ukame ulipowamaliza wote. Labda ndiyo sababu swali lake lililofuata lilikuwa hili:

"Nani anawachunga?"

"Wako ndani ya tangi kubwa za chuma. Kuna watu wanawaangalia mchana na usiku."

"Wanakula nini?"

"Sukari."

"Wao wanakula sukari, na mimi umeninyima hata ya chai."

"Ndiyo, Ayo."

"Na mvua ikikosa?"

"Hawana shida na mvua."

Hapo akasogea karibu. "Ng'ombe pia tumbo yake imejaa mavi," akasema polepole, "na maziwa yake tunakunywa."

Kesho yake nilileta chupa mpya, maana ile ya kwanza jua lilishaiharibu. Aliichimbia mahali mwenyewe, ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa maji, pembeni pa kitanda, isipate joto. Kidonda kikaanza kufunga.

Kwetu Waborana salamu haziishii kwa watu. Unaulizwa mifugo, malisho, maziwa. Tangu siku ile mama aliongeza swali lake, hata mbele ya wageni: "Na wale wadogo wako salama?" Nilikuwa najibu huku nimekunja uso.

Kisha ukaja mwezi ambao hospitali haikuwa na insulini. Nilizunguka maduka ya dawa ya mjini mpaka mtaa wa Bulla Pesa, kila mahali wakitikisa kichwa, na niliipata jua likizama. Nikaingia nyumbani nimeikumbatia. Mama hakuwa na haraka. Akauliza watu, akauliza mbuzi.

"Na wale wadogo?"

"Wako salama, Ayo. Bado wanakamuliwa."

"Alhamdulillahi." Akainua dera, akanipa tumbo nidunge. "Sasa mbona unalia kama mtu amepoteza ng'ombe?"