Kurasa za Mwisho Zilifungiwa Karanga

Baba alipougua kifua akashindwa kurudi mgodini, alibaki na kitu kimoja tu cha kumfurahisha: riwaya nene ya Kifaransa aliyoachiwa na bosi wake mzungu alipokuwa anarudi kwao. Kifaransa cha vitabu hakukijua. Basi kila nikitoka shule nilikaa naye mlangoni, nyumbani kwetu Musonoi, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, nikawa nasoma na kumgeuzia kwa Kiswahili.

Ilikuwa habari ya watu waliozamiwa na meli, wakabaki kwenye mashua ndogo katikati ya bahari, maji ya kunywa yakiwaishia. Mimi ilinichosha. Mwandishi alimaliza ukurasa mzima akieleza wingu, na wingu lenyewe halikunyesha. Lakini baba alining'ang'ania nisome. Bahari hatukuwahi kuiona. Maji makubwa tuliyoyajua ni ya mto Lualaba.

"Ile bahari," aliniuliza, "iko sawa Lualaba yenye haina ng'ambo?"

"Njo vile, tata," nilimkubalia baba.

Ndani ya mashua mlikuwa na baharia mmoja mgonjwa, amelala chini, anakohoa. Wenzake walikuwa wameanza kumtazama vibaya kwa sababu ya maji anayokunywa. Tangu tulipomfikia huyo, baba hakutaka kusikia habari za mwingine. "Banamupatia maji? Atapona?" Nilitaka kuruka niangalie mwisho, akanikataza. Kuruka kurasa ni wizi, alisema.

Siku zile bukari ya mama, ugali wetu wa kila siku, ilikuwa inarudi jikoni kama ilivyotoka. Baba alionja tonge moja akasukuma sahani. Asubuhi mama alibeba beseni lake la karanga kwenda sokoni, atafute hela ya dawa. Karanga huuzwa ndani ya karatasi iliyokunjwa, na karatasi ilikuwa shida kupata.

Tulifika pale mashua inapoanza kuvuja. Niligeuza ukurasa nikakuta jalada. Kurasa zote za mwisho zilikuwa zimechanwa.

Nilimfuata mama jikoni nikampigia kelele. Hakujua kusoma; alikuwa anachana kwa nyuma, mahali ambapo hatujafika, akidhani hapo hapamuumizi mtu.

"Na dawa ya tata yako," alisema, "unazania ilitoka wapi?"

Kutoka mlangoni tulimsikia baba anacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Bantu ba Musonoi banashakula mashua yangu na kalanga!" Kisha akamwita mama aje. "Weye mwenye uliuzisha mwisho, kuya unimalizie."

Mama alijifuta mikono, akaketi karibu naye.

"Balifika," alisema. "Yule mugonjwa njo alishuka wa kwanza. Bibi yake alikuwa anamungojea. Alimupikia bukari na samaki."

"Alikula?"

"Alikula yote."

Baba alifumba macho akatabasamu. Tangu hapo alitaka huo mwisho kila siku, na kila siku mama alimpa. Baba alikufa asubuhi moja mama akiwa sokoni. Mimi ndiye niliyekwenda kumwita. Aliliacha beseni pale pale, akatembea mbele yangu mpaka nyumbani.

Kilio kilipokwisha na wageni kurudi kwao, nilimkuta mama alasiri moja anachambua karanga mlangoni. Hakuinua kichwa.

"Weye unasoma," alisema. "Yule mugonjwa, kweli alifika?"

"Mama, si weye ulisema?"

"Nilisema tu. Nilisema juu tata yako apate kulala."

Niliingia ndani nikachukua kitabu, nikaketi kwenye kiti cha baba, nikakifungua mwishoni, kwenye jalada tupu, nikaanza kumsomea. Alishuka wa kwanza, nilisoma. Bibi yake alikuwa anamngojea. Kurasa mama alizichana kwa mikono yake mwenyewe, lakini aliacha karanga akasikiliza.

"Alikula?" aliniuliza.

Nilikumbuka zile sahani zilizokuwa zinarudi jikoni, nikapitisha kidole kwenye jalada tupu, nikamsomea: "Alikula yote."